Siku nne na mjomba: kulifuata daraja la Pontypridd lililoanguka mpaka likakubali kusimama

Siku ya 1, Alhamisi. Birmingham mpaka Cardiff

Mjomba ana wiki tatu kwangu na naona kabisa anachoka, mtu amejenga Tanga miaka arobaini kwa mwiko na timazi halafu umfungie kwenye fleti ghorofa ya tano anaangalia mvua dirishani, haiwezekani. Juzi usiku nikamwonyesha picha kwenye simu, daraja la mawe huko Wales, tao moja tu limeruka mto mzima, na kila bega, pale tao linaposhukia ukingoni, lina mashimo matatu ya duara kama macho. Akaichukua simu, akaivuta picha kwa vidole, kimya kirefu, halafu akauliza kitu kimoja tu. "Hayo mashimo kayaweka ya nini?" Nikamwambia mjomba nikikujibu utabaki hapa hapa, twende ukaone mwenyewe.

Basi asubuhi tukapanda treni, kama masaa mawili tukawa Cardiff, wenyewe kwa Kiwelisi wanauita Caerdydd. Mizigo tukaacha gesti tukashuka mpaka ghubani kule chini maana ndo unakoishia mto Taff, na huo mto ndo tutakaokuwa nao safari nzima. Zamani bandari hii ilikuwa inatoa makaa ya mawe kutoka mabonde ya juu kwenda dunia nzima, na mabaharia Wayemeni na Wasomali waliokuwa wanafanya kazi za boila kwenye meli wakalowea hapahapa mtaa wa Butetown. Mjomba akaswali pale msikiti wa Alice Street, akatoka amechangamka, akasema kasalimiana na mzee mmoja kwa Kiarabu cha kuungaunga wakaelewana. Tukala, tukalala mapema.

Siku ya 2, Ijumaa. Pontypridd

Treni ya kwenda Pontypridd inapanda na bonde, kama nusu saa hivi, mto unauona mara kushoto mara kulia, milima inazidi kukusogelea. Mji wenyewe wenyeji wanauita Ponty. Pont ni daraja kwa Kiwelisi, na jina zima asili yake ni daraja la nyumba ya udongo, mjomba akafurahi sana na hiyo nyumba ya udongo, akasema angalau kuna kitu tunakifahamu. Kabla ya hapo mji uliitwa Newbridge, yaani Daraja Jipya, kwa sababu ya daraja hilihili, ila kulikuwa na Newbridge nyingine na barua zikawa zinapotea, ndo miaka ya 1850 wakabadilisha jina.

Sasa daraja. Ukilifikia kwa mara ya kwanza unaona limepanda juu sana, mgongo wa ngamia kabisa, halafu jembamba. Kando yake kabisa kuna daraja lingine la 1857 ambalo magari ndo yanapita, limelisogelea mpaka upande mmoja huwezi kuliona vizuri, kwakweli hilo liliniuma, kitu kama hiki ungetaka kukiona peke yake. Lakini ukizungukia upande wa pili ukashuka karibu na maji, hapo ndo unaelewa. Futi 140 kutoka ukingo mpaka ukingo, mita kama 43, bila nguzo hata moja ndani ya maji, na juu limeinuka futi 35. Lilimalizika 1756 na kwa muda mrefu hapakuwa na tao la mawe lililozidi upana wake Uingereza nzima. Lile daraja maarufu la Rialto kule Venice tao lake halifiki mita 29.

Mjomba hakupanda. Mimi nilishapiga picha ishirini yeye bado kasimama palepale chini, mikono nyuma, anaangalia mabega. Ndo akaniambia, "Mwanangu, huyu mtu alishaanguka. Mtu ambaye hajaanguka hatoboi ukuta wake mwenyewe."

Na ndivyo ilivyo. Tukaenda pale jumba la makumbusho, liko mguuni kwa daraja, zamani lilikuwa kanisa la 1861 na kinanda chake kikubwa bado kipo ndani, na habari ya daraja mji huu mzima unaijua. Nitaieleza kama tulivyoizungumza mimi na mjomba, kwa sababu nikiandika tarehe tu haitaeleweka kwa nini mzee wa watu alikuwa anatikisa kichwa.

Fundi aliitwa William Edwards. Mtoto wa mkulima, kazaliwa 1719 mlimani huko juu, parokia ya Eglwysilan, baba kafariki yeye mdogo. Hakusomea ujenzi popote. Alianza kwa kuziba kuta za mawe za shambani kwao, zile kuta kavu zisizo na udongo wala chokaa, jiwe linakalia jiwe, akawaangalia waashi wanavyochonga akaona wana nyundo nzuri kuliko yake, akatafuta nyundo kama hiyo, majirani wakaanza kumwita na wao. Alipopata kazi Cardiff alipanga kwa mwoka mikate mmoja kipofu, na huyo kipofu ndo akamfundisha kusoma Kiingereza, maana alikuwa anajua Kiwelisi tu. Hapo mjomba akanisimamisha nirudie. Kipofu? Anafundisha kusoma? Nikarudia. Akasema haya, endelea.

Mwaka 1746, ana miaka 27, akapewa kazi ya daraja hapa Pontypridd kwa pauni 500. Na mkataba una sharti: daraja lisimame miaka saba, likianguka ndani ya hiyo miaka yeye ndo analirudishia. Nyie wenzangu wa saiti mnaelewa hilo ni jambo zito kiasi gani. Akajenga la kwanza, zuri, kila mtu kalisifia, lina matao kadhaa na nguzo zake zimesimama mtoni. Kama miaka miwili na nusu likakaa. Halafu mvua ikapiga milimani, Taff ikajaa, ikaja na miti mizima imeng'oka na mizizi yake, na nyasi za mashambani, na vyote vile vikaja kunasa kwenye nguzo. Vikajipanga vikawa bwawa. Maji yakapanda nyuma ya hilo bwawa mpaka mzigo ukazidi, likaenda lote kwa pamoja.

Mjomba hapo hakushangaa hata. Akasema nguzo ndani ya mto wa mlima ni kumwekea mto mkono, atakamata kila anachokileta. Na Edwards kumbe kafikia hukohuko, akaamua la pili nguzo hakuna, tao moja toka ukingo mpaka ukingo, mafuriko yapite na miti yake yote yaende zake. Sasa tao kama hilo likiwa linajengwa haliwezi kujibeba, lazima uliwekee kiunzi cha mbao chini yake mpaka jiwe la utosini, lile la juu kabisa katikati, likae. Mafuriko yakakikuta kiunzi mtoni. Kikaenda na kazi yote. Ndo maana wapo wanaohesabu madaraja matatu na wapo wanaohesabu manne, inategemea kama lile ambalo halikufika mwisho nalo unalihesabu, mjomba anasema lihesabiwe, jasho limetoka.

Akarudia tena tao lilelile. Safari hii likafunga, likasimama, mto haukulifanya kitu. Likaanguka lenyewe.

Hapa ndo sikuwahi kuelewa vizuri kabla ya leo. Nilishasoma kwamba mabega yalikuwa mazito yakasukuma utosi ukafumuka, lakini kichwani nilikuwa naona kitu kizito kinaanguka chini, sasa kufumukia juu kivipi? Tumekaa kafe moja karibu na soko, mjomba akaomba chungwa, akalikata nusu akala nyama akabakiza ganda, akaliinamisha mezani. Akasema hili tao. Akabonyeza katikati kwa kidole, ganda likavumilia. Halafu akaweka vidole viwili mabegani, kulia na kushoto, akabana taratibu, ganda pale juu likapanda, likapanda, likapasuka. "Umeona? Kajaza kifusi na mawe mabegani, na pale juu katikati amepaacha pembamba ili barabara isizidi kupanda. Mabega yanabana, utosi hauna uzito wa kujishikilia. Lazima utoke."

Yule mama wa kafe alisimama na sahani zake mkononi anaangalia, akaniuliza anasema nini baba, nikamtafsiria, akamwita na mwenzake wa jikoni aje aone. Mjomba akapasua ganda la pili kwa ajili yao.

Fundi mwingine hapo angefanya nini? Angeongeza. Angenenepesha tao, angeweka mawe zaidi katikati, daraja lingekuwa zito zaidi na refu zaidi kwenda juu. Wengine wangekimbia, ana deni kubwa, ile pauni 500 ilishaisha zamani, wakubwa wenye ardhi za pale ndo walimchangia aweze kuendelea. Edwards akapunguza. Akarudia tao la futi 140 kwa mara nyingine tena, upana uleule, na mabegani akapitisha mitungi mitupu ya duara, ndo yale mashimo, mitatu kila upande, kutoka uso huu wa daraja mpaka uso ule. Lililo karibu na ukingo kubwa, kipenyo futi 9, linalofuata 6, la juu karibu na utosi 3. Uzito ukapungua palepale ulipokuwa unabana. Na mduara wenyewe ni tao limejifunga, hauhitaji kitu cha kuushikilia. 1756 likasimama na ndo hili tuliloliona leo asubuhi. Miaka kumi kutoka siku ya mkataba.

Jioni ndo mjomba akakubali kupanda. Ni mwinuko kwelikweli, nilimshika mkono. Zamani mkokoteni ukishuka hapa ilibidi wauzuie kwa mnyororo nyuma usije ukamlalia farasi, na ndo sababu 1857 watu walichangishana wakajenga lile la pembeni. Tukafika pale juu kabisa, chini ya miguu yetu mawe na unene mdogo tu halafu hewa halafu maji. Mjomba akainama akapapasa ukuta wa pembeni kwa kiganja, akasema chokaa, kama anamtambua mtu.

Mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Februari 2020 ilipopiga dhoruba ile wanayoiita Dennis, Taff ilipanda hapa kuliko ilivyowahi kupimwa miaka mingi nyuma, maduka ya barabara kuu yakaingia maji, nyumba zikaharibika, na Novemba 2024 yakarudi tena. Yule mama wa kafe alituonyesha kwa mkono maji yalipofikia ukutani kwao. Juu kidogo ya mto kuna daraja jeupe la zege la 1907, lile liliumia 2020 likafungwa kwa matengenezo. La Edwards maji yalipita chini na miti yake.

Siku ya 3, Jumamosi. Caerphilly, Groeswen na Eglwysilan

Nimekodi gari maana leo ni barabara za mlimani, nyembamba, ukikutana na mwenzio mmoja anarudi nyuma. Mvua haijaacha.

Tumeanzia ngome ya Caerphilly, ilianzwa 1268, kubwa kuliko zote Wales, imezungukwa na maji na mnara wake mmoja umelala pembeni utadhani unaanguka sasa hivi, na umekaa hivyo karne nyingi. Watalii wote wanapiga picha mnara. Sisi tulikuja kuangalia kuta, kwa sababu Edwards alikuwa anakuja hapa kuzisoma, hii ilikuwa gofu kipindi chake na gofu linakuonyesha tumbo la ukuta, unaona jinsi walivyofunga mawe ndani. Mjomba akasema hata yeye alijifunza hivyo, kwenye magofu ya pwani, Tongoni, ukuta ukishabomoka ndo unakuambia siri yake. Alikaa pale lisaa lizima na mwavuli. Mimi miguu ilishaganda ila sikumharakisha.

Groeswen ni kijiji kidogo juu ya mlima, kuna kanisa dogo lilianza 1742. Hapa Edwards alikuwa mchungaji tangu 1745 mpaka anakufa, yaani miaka yote ya daraja, Jumapili anahubiri kwa Kiwelisi, wiki anajenga, na shamba analima. Na kile waumini walichokuwa wanamlipa alikuwa anawagawia maskini. Nafikiria zile Jumapili. Daraja limeanguka, kila mtu kanisani anajua, wengine labda ndo waliobeba mawe, na yeye inabidi asimame mbele yao. Mara tatu. Mjomba hilo lilimgusa kuliko habari zote za mawe, akaniuliza kama kuna anayejua alihubiri nini wiki ile, nikamwambia mimi sijakutana nayo popote. Akasema hata ingekuwa sala tu ingetosha.

Kaburi lake liko Eglwysilan, uwanja wa kanisa, kondoo wamezunguka, upepo mkali mno. Alifariki 1789, miaka 70. Hatukukaa sana. Mjomba alisimama kidogo, akasema alikuwa fundi, tukarudi kwenye gari.

Siku ya 4, Jumapili. Kuupanda mto mpaka Llandovery

Leo nilitaka aone maji yanatoka wapi. Barabara kubwa ya A470 inapanda kaskazini, unapita Merthyr Tydfil, hapo juu yake Taff inagawanyika, kuna Taf Fawr na Taf Fechan, kubwa na ndogo. Ukifuata ile kubwa unakuta mabwawa matatu yamefuatana kandokando ya barabara na milima ya Bannau Brycheiniog imesimama mbele, kilele cha Pen y Fan mita 886, leo kilikuwa kimejifunika wingu. Tukasimamisha gari. Milima haina miti kabisa juu, nyasi na mawe tu, na kila mfereji mdogo unateremka unang'aa. Mjomba akaangalia akasema basi, nimeelewa, hapa hakuna kitu cha kuyazuia, yakinyesha jioni asubuhi yako Pontypridd. Nilikumbuka bonde la Msimbazi kule Dar na pale Jangwani, mvua za Pugu na Kisarawe, mji uko chini. Hatukuongea muda kidogo.

Tukavuka mgongo wa milima, tukashuka Brecon, tukashika magharibi mpaka Llandovery, mji mtulivu, mto wake ni Tywi. Nje kidogo ya mji kaskazini kuna daraja la Dolauhirion, 1773, la Edwards huyohuyo. Baada ya Pontypridd kazi zilimfuata, Wales kusini kote akawa anaitwa, watoto wake nao wakashika kazi hiyohiyo.

Hili ni tao moja tena, futi 84, na kila bega lina shimo moja tu. Moja! Mjomba alicheka kwa sauti, wiki tatu sijamsikia akicheka hivyo. Akasema huyu sasa haogopi tena, ameshajua ni kiasi gani kinatosha. Na mwinuko wake si ule wa kuufungia mkokoteni mnyororo. Edwards alikuja kugundua kwamba ukishajua egemeo za pembeni ni imara haziendi popote, tao halina haja ya kupanda juu kiasi kile, kwa hiyo madaraja yake ya baadaye yakawa yanalala zaidi. Pale Pontypridd alilazimika kulipandisha, hakuwa na wa kumuuliza.

Hapa ni mashambani, hakuna daraja jingine pembeni, hakuna duka, mto unapita kwenye mawe na miti imeinama. Gari moja lilipita juu polepole, dogo, la mkulima, na mbwa nyuma. Miaka 250 na bado magari yanapita. Mvua ikakatika tukashuka ukingoni tukakaa kwenye jiwe, nikatoa chai ya tangawizi kwenye chupa na mkate wa jana, na mjomba akanichorea kwenye bahasha jinsi unavyojenga mtungi wa duara ndani ya bega, unaanza na kiunzi cha mbao cha mviringo, mawe unayachonga kichwa kipana nje chembamba ndani, unapandisha kulia na kushoto kwa pamoja usitangulize upande. Amechora vizuri, hiyo bahasha siitupi.

Halafu akaniomba simu yangu, yake imeisha chaji. Akataka kumtumia ujumbe wa sauti kijana aliyekuwa saidia fundi wake, sasa ni fundi kamili Tanga na ana kalavati, kidaraja cha kupitisha maji chini ya barabara, anajenga korongo moja ambalo kila masika linamsumbua. Nikambonyezea. Akakohoa, akausogeza mdomo karibu kabisa na simu kama wanavyofanya wazee wote, macho yako kwenye lile shimo.

"Asalaam aleikum. Tafuta kalamu, usiniambie utakumbuka. Umeshapata? Haya. Nguzo ya katikati iondoe. Narudia, iondoe. Sasa andika vipimo, anza na shimo la chini..."